Bendera: Neno la Mabaharia Lililopanda Milima ya Burundi

Mwanafunzi wa Itaba, mkoani Gitega, akiulizwa jina la kile kitambaa chenye nyota tatu kinachopepea mbele ya shule, atajibu kwa Kirundi: ibendera. Msafiri akitoka hapo akaenda hadi Muyinga, akavuka mpaka wa Kobero na kuingia Kabanga upande wa Tanzania, atakuta neno ni lilelile, limepungua herufi ya mwanzo tu: bendera. Kampala husema bendera. Lilongwe, kwa Kichewa, ni mbendera. Wasemaji wa Kilingala huko Kinshasa wana bendele. Na baharia akiondoka Dar es Salaam akaenda kutia nanga Jakarta, akanyoosha kidole juu ya mlingoti, Waindonesia watamwambia hiyo ni bendera, bila kubadilisha hata irabu moja.

Kati ya Itaba na Jakarta kuna bahari nzima. Hakuna Mrundi aliyemfundisha Mwindonesia neno hilo, wala Mwindonesia hakumfundisha Mrundi. Wote wawili wamelirithi kwa mtu mmoja, baharia wa Ureno, aliyeiita bandeira. Jirani yake Mhispania husema bandera, naye alilipeleka upande mwingine wa dunia: Wafilipino, waliotawaliwa na Hispania tangu 1565 hadi 1898, wana bandila, na kutoka Mexico hadi Argentina kitambaa cha taifa ni bandera mpaka leo.

Neno lililotembea hivyo linastahili kuulizwa lilikotoka na lilichobeba njiani.

Wanaisimu hulifuata nyuma hadi kwa Wagothi, watu wa jamii ya Kijerumani waliotawala Hispania baada ya dola ya Roma ya magharibi kuanguka. Katika Kigothi, bandwo maana yake ilikuwa ishara. Haikuwa kitambaa wala taifa. Ilikuwa ishara tu, kitu kinachoonyeshwa ili mwingine aelewe. Vitani ishara hiyo ilipandishwa juu ya mti ili askari aliyepotea vumbini ajue mkubwa wake yuko wapi. Kilatini cha zama za mwisho kikalipokea neno kama bandum. Jeshi la Byzantium nalo likawa na bandon, jina ambalo lilikuwa la alama yenyewe na pia la kikosi cha askari wanaoifuata.

Hapo ndipo ulipo moyo wa neno hili. Tangu zamani hizo halikutenganisha alama na watu walio nyuma yake. Katika Hispania ya karne ya 16 kila kampuni ya askari wa miguu ilikuwa na bendera yake, na kampuni yenyewe iliitwa bandera. Kapteni aliyetaka askari wapya aliingia mjini, akasimamisha kitambaa chake, ngoma ikapigwa, na vijana wakaja kujiandikisha. Tendo hilo liliitwa levantar bandera, yaani kuinua bendera, na maana yake haikuwa sherehe. Ilikuwa kukusanya watu wa kwenda vitani. Jeshi la Hispania lina kikosi maarufu kilichoundwa mwaka 1920, kile cha Lejioni, na batalioni zake zinaitwa bandera hadi sasa.

Wareno walikuwa na desturi hiyohiyo, na wakavuka nayo Atlantiki. Katika mji wa São Paulo wa karne ya 17, bandeira ilikuwa msafara wa watu wenye silaha waliotoka mjini wakaingia bara kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka, kutafuta dhahabu na kuwakamata wenyeji ili wawe watumwa. Washiriki wake waliitwa bandeirantes. Mwaka 1628 António Raposo Tavares aliongoza msafara mmoja wa namna hiyo dhidi ya vijiji vya misheni ya Wajesuiti huko Guairá, na Waguarani kwa maelfu wakaburutwa hadi kwenye mashamba ya walowezi. Brazili ya leo ina barabara kuu zenye jina la watu hao, na kampuni ya ndege ya nchi hiyo iliwahi kuunda ndege iliyoitwa Bandeirante. Wapo Wabrazili wanaowaona kuwa waliipanua nchi, na wapo wanaokumbuka kwanza waliofungwa kamba. Pande zote mbili zinasoma historia ya neno moja.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaposikia habari ya msafara ulioingia bara nyuma ya kitambaa, ukatoka na pembe, dhahabu au watu, hahitaji kuelezwa zaidi. Huku pia ilikuwa hivyo.

Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, Francisco de Almeida alikuja na meli za kivita, akaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Tangu hapo pwani ilianza kuishi chini ya alama ngeni. Wareno walizitaka meli za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi zibebe cheti chao cha ruhusa, kilichoitwa cartaz. Chombo kilichokamatwa bila cheti hicho kingeweza kunyang'anywa mali yote. Kwa nahodha wa Pate au wa Mombasa, kuitambua bandeira ya chombo kinachokuja upeo wa macho lilikuwa jambo la kufa na kupona. Neno la aina hiyo halihitaji mwalimu wala darasa ili lishike.

Mwaka 1593 ulianza ujenzi wa Ngome ya Yesu huko Mombasa, na hapa historia inawaunganisha Mreno na Mhispania kwa namna ya pekee. Tangu 1580 hadi 1640 falme za Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Aliyeamuru ngome ya Mombasa ijengwe ni Felipe, wa pili kwa hesabu ya Wahispania na wa kwanza kwa hesabu ya Wareno. Mchoraji wake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano kutoka Milano, na kwa lugha yake yeye kitambaa hicho ni bandiera. Kwa hiyo katika kuta zile za matumbawe, bandeira, bandera na bandiera zingeweza kusikika siku moja. Hata hivyo Ureno ilibaki na utawala wake, na makoloni yake yaliendeshwa kwa Kireno. Ndiyo maana Kiswahili kinahesabiwa kuwa kimekopa kwa Wareno, ingawa matamshi yetu yamekaribia zaidi yale ya Hispania.

Ukaribu huo una maelezo yake, na si fumbo. Katika maneno kadhaa ya Kireno, Mswahili aliacha irabu moja kati ya mbili zilizofuatana. Caixa, yaani sanduku, ilipofika pwani ikawa kasha, i ikaachwa njiani. Bandeira nayo ikaacha i yake. Irabu ya mwanzo ikavutwa na ile ya katikati, ba ikawa be, na bendera ikapatikana. Isitoshe, katika sehemu za kusini mwa Ureno wenyeji huitamka ei kama e ya kawaida, na huenda masikio ya pwani yalilipokea neno likiwa limeshasagwa nusu.

Halikuja peke yake. Mesa ya Mreno, ambayo ni mesa kwa Mhispania pia, ikawa meza, na kutoka kwa Waswahili ikaenda Burundi ikawa ameza. Lenço ikawa leso, fronha ikawa foronya, parafuso ikawa parafujo. Wacheza karata wanaotupa kopa, shupaza, uru na pau hutamka, bila kujua, majina manne ya karata za Ureno. Igreja, yaani kanisa, iligeuka kuwa gereza, na habari ya neno hilo ingehitaji makala nyingine nzima. Orodha hii inaonyesha kitu kimoja kwa uwazi: Wareno waliacha majina ya vitu vya kushikwa mkononi, vya nyumbani na vya melini. Kuhusu imani, sheria na elimu, Waswahili waliendelea kuchota kwenye Kiarabu.

Ndiyo maana kushinda kwa bendera kunashangaza kidogo. Kiarabu kina maneno yake ya kitambaa hicho, alam na raya, na pwani ilikuwa imeoana na Uarabuni karne nyingi kabla ya Mreno. Wangazija, ndugu wa karibu kabisa wa Waswahili kwa lugha, wanaiita beramu, na wimbo wao wa taifa unaanza kwa kuitaja. Waswahili wangeweza kufanya vivyo hivyo. Wakachagua, au tuseme walijikuta wamezoea, neno la adui aliyekuwa akipiga mizinga. Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu mwezi wa Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili, na Wareno waliporudi 1728 wakafukuzwa tena mwaka uliofuata, kitambaa cha Ureno kilishuka Mombasa moja kwa moja. Jina lake likabaki juu.

Bendera iliyopanda baada yake ilikuwa nyekundu tupu, ya masultani wa Oman na baadaye wa Zanzibar. Hiyo ndiyo iliyolipeleka neno bara.

Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ujiji mwaka 1857 na 1858, ameacha maelezo ya msafara unavyoanza safari asubuhi. Mbele kabisa hutembea kirangozi, mwongozaji wa njia, ameshika bendera nyekundu ya Zanzibar iliyochanwachanwa na miiba. Nyuma yake hufuata mpagazi mwenye heshima ya kupiga ngoma. Kisha ndipo wanapokuja wapagazi wengine na mizigo yao ya pembe, shanga na nguo. Msafara wenye bendera ile ulitangaza kwamba umetoka kwa Sultani, na aliyetaka kuugusa apime kwanza.

Kitambaa hicho kilijulikana sana hata jina likahamia kwenye nguo yenyewe. Kamusi za Kiswahili za wamisionari wa karne ya 19 zinaeleza bendera kwa maana mbili: alama ya kupeperushwa, na pia aina ya pamba nyekundu iliyouzwa madukani na kubebwa bara kama mali ya kubadilishana. Mwanamke wa Unyamwezi aliyenunua bendera hakuwa amenunua dola. Alinunua nguo nyekundu ya kuvaa.

Kwenye Ziwa Tanganyika bendera zilianza kuongezeka. Henry Morton Stanley aliingia Ujiji mwaka 1871 akitanguliwa na bendera ya Marekani, akamkuta David Livingstone. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wawili hao walipiga makasia kuelekea kaskazini mwa ziwa, na huko Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura ya leo, kuna jiwe lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Wafanyabiashara wa Ujiji nao walizunguka mwambao huohuo wakitafuta pembe na watumwa. Mmoja wao, Muhammad bin Khalfan, aliyefahamika zaidi kwa jina la Rumaliza, alitaka kuingia Burundi kwa nguvu. Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo alimzuia. Milima ilibaki imefungwa kwa bendera nyekundu wakati nchi nyingi za jirani zilikuwa zimeshaizoea.

Nini basi kilikuwa alama ya dola katika milima hiyo? Jibu liko kwenye Kirundi chenyewe. Ingoma ni ngoma ya kupigwa, na ingoma ni ufalme. Mwami alipotawazwa, ilisemwa ameshika ngoma. Ngoma kuu, Karyenda, ilitunzwa kwa taadhima ya pekee, na sauti yake ilihusiana na sherehe ya umuganuro, sikukuu ya mbegu za mtama iliyofungua msimu wa kilimo. Gishora, kilomita chache kutoka mjini Gitega, ni kilima cha ngoma kinachohusishwa na Mwezi Gisabo, na wapiga ngoma wake bado wanajulikana dunia nzima. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza uchezaji wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kwa Mrundi wa wakati ule, nchi ilikuwa kitu cha kusikika. Mtu aliyekuwa bondeni, asiyeona ikulu wala mlingoti, aliijua kwa sikio. Mgeni akaja na nchi ya kuonwa kwa macho.

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, wakampiga vita Mwezi Gisabo, na tarehe 6 Juni 1903 huko Kiganda mfalme akakubali mamlaka yao. Juu ya kituo ilipanda bendera yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mwaka 1912 walianzisha kituo cha Gitega. Askari wao wengi walitoka pwani na Unyamwezi, amri zilitolewa kwa Kiswahili, na wafanyabiashara Waislamu waliofuata nyuma yao wakajenga mitaa ya Waswahili ambayo ipo mpaka leo, Buyenzi ya Bujumbura ikiwa mashuhuri kuliko yote. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadri Weupe, walikuwa wameshafika Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, nao pia walipitia njia za Tanganyika na lugha yake. Kirundi kilipolazimika kukipa jina kile kitambaa kilichosimama mbele ya boma, kililichukua la Waswahili, kikalivisha kiambishi chake na kuliweka katika ngeli ya i- na ama-: ibendera moja, amabendera mengi.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani, wakapandisha rangi nyeusi, njano na nyekundu. Utawala ulibadilika, lugha ya ofisini ikawa Kifaransa, na Wafaransa huiita drapeau. Ibendera haikuondoka.

Kisha ikaja siku ya uhuru, tarehe 1 Julai 1962, na hapo historia ilifanya jambo zuri ambalo halizungumzwi vya kutosha. Bendera ya Ufalme wa Burundi ilikuwa na msalaba mweupe wa kukingama, nyekundu juu na chini, kijani kushoto na kulia. Katikati, ndani ya duara jeupe, iliwekwa Karyenda pamoja na mche wa mtama. Ile nchi ya kusikika ilichorwa juu ya kitambaa cha kuonwa, ngoma na mbegu ya umuganuro zikakaa pamoja ndani ya ibendera. Ukiitazama picha yake leo, ni vigumu kuipata bendera nyingine ya Afrika ya miaka ile iliyosema wazi namna hiyo kwamba taifa lilikuwepo kabla ya mkoloni.

Haikudumu. Mwezi wa Julai 1966 Mwambutsa IV aliondolewa na mwanawe, Ntare V, na tarehe 28 Novemba mwaka huohuo Kapteni Michel Micombero akaupindua ufalme na kutangaza jamhuri. Ngoma ilikuwa alama ya mfalme, kwa hiyo ilifutwa. Mwaka 1967 mahali pake paliwekwa nyota tatu nyekundu zenye ncha sita, zilizozungushiwa kijani. Nyota hizo zinasimamia kaulimbiu ya taifa, Ubumwe, Ibikorwa, Amajambere, yaani umoja, kazi na maendeleo, na wananchi wengi huzisoma pia kama Wahutu, Watutsi na Watwa. Mwaka 1982 vipimo vilibadilishwa, upana kwa urefu ukawa tatu kwa tano, na ndivyo ilivyo sasa Gitega, uliofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019.

Nyota hizo zilipata siku yao kubwa mwaka 1996 huko Atlanta. Burundi ilikuwa inashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, nyumbani kulikuwa na vita, na Vénuste Niyongabo akashinda mbio za mita 5,000. Ibendera ikapanda katikati, juu ya zile nyingine mbili. Kiswahili cha magazeti kina usemi wa jambo hilo, kupeperusha bendera ya taifa, na umetumika sana hata ukachoka. Kwa siku ile ulikuwa na uzito wote. Miaka 20 baadaye, Rio de Janeiro, Francine Niyonsaba alileta medali ya fedha ya mita 800, katika nchi ambayo wenyeji wake wangelitambua neno ibendera kwa kulisikia mara moja.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, bandera na bendera ziliwahi kukutana ana kwa ana. Mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma usiku akiwa na kundi la kwanza la wapiganaji wa Kuba kuja kuwasaidia waasi wa Kongo. Walijipa majina ya Kiswahili kwa hesabu: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Shambulio lao kubwa la kwanza, tarehe 29 Juni 1965, lililenga kituo cha umeme wa maji magharibi mwa ziwa. Jina la mahali hapo ni Bendera. Watu wanaosema Kihispania walikuja kutoka Karibi wakapigana, na wanne wao wakafa, mahali palipobeba neno la nyumbani kwao lenye irabu moja tofauti. Walishindwa, na mwezi wa Novemba wakaondoka.

Huko Ureno, Hispania na Amerika neno limeendelea kuzaa. Mkulima wa Ureno huliita bandeira lile ua la juu la mhindi ambalo huvunjwa na kupewa ng'ombe, na mkulima wa Itaba akiutazama mstari wa mahindi yake ataona kwa nini. Fremu ya kioo iliyo juu ya mlango, ya kuingiza mwanga ukumbini, nayo ni bandeira. Katika teksi za zamani za Brazili mita ilikuwa na kipande cha chuma mfano wa bendera ambacho dereva alikishusha abiria alipopanda. Chuma hicho kimetoweka, lakini nauli ya mchana bado ni bandeira 1 na ya usiku bandeira 2. Hispania nauli ya kuanzia inaitwa bajada de bandera, yaani mshuko wa bendera. Tangu Januari 2015 kaya za Brazili hupata kwenye bili ya umeme bandeira ya kijani, njano au nyekundu: mvua zikipungua na mabwawa kukauka, rangi inaelekea nyekundu na bei inapanda. Manuel Bandeira alikuwa mmoja wa washairi wakubwa wa nchi hiyo, na Tanzania ilikuwa na Joel Bendera, mwalimu wa soka aliyekuja kuwa mkuu wa mkoa. Hata majina ya ukoo yamevuka.

Kiswahili nacho hakikukaa kimya. Kilimpa mwamuzi wa pembeni kibendera na kumwita mshika kibendera. Kilitunga methali, bendera hufuata upepo, kumwelezea mtu asiye na msimamo wake. Kikazalisha nusu mlingoti kwa siku za msiba. Na tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliipandisha bendera ya Tanganyika juu ya kilele cha Kilimanjaro, pamoja na mwenge.

Lakini matumizi yaliyo karibu zaidi na Wagothi wa kale yako barabarani. Katika barabara inayopanda kutoka Kobero kupitia Muyinga kuelekea Gitega hupita malori yaliyobeba nondo, mabomba na mbao zilizozidi urefu wa bodi. Utingo hufunga nyuma kipande chochote chekundu alicho nacho, tambara la shati au mfuko uliochakaa, ili dereva anayefuata asije akajichoma gizani. Kipande hicho hakina nyota wala kaulimbiu, wala hakuna anayekipigia saluti, na bado madereva wanakiita bendera.